Wanamuziki wane ku kisiwa cha matajiri

Ndugu wasomi wenzangu, leo ninataka kuandika juu ya vitabu vya watoto. Musicheke. Ni mambo ya historia, na ni mambo yetu pia.

Nilimaliza masomo ya historia hapa Lubumbashi, kisha nikatafuta kazi miezi kumi na moja. Munajua vile inaendaka: dosie hapa, dosie kule, "tutakuita", na telefone hailii. Mwishowe rafiki mumoja akaniambia kwamba mu quartier Golf kuko familia yenye inatafuta mwalimu wa kusomesha watoto Kifaransa, kila siku kisha masomo. Nilienda siku ile ile. Feza zenye Madame alinitajia kwa mwezi mumoja zilipita zile zenye baba alikuwa anapata kwa miezi mitatu. Nilikubali mbele amalize kusema.

Watoto ni wawili, binti wa miaka 11 na mudogo wake wa miaka 9. Mu salon yao kuko kabati ya vitabu vizuri, lakini ilionekana kama hakuna mutu mwenye kuvifungua. Niliona Jules Verne pale, nikafurahi sana. Mimi nilimusoma nikiwa mutoto, kule Katuba, ndani ya kitabu chenye kaka yangu alinunua chini kando ya soko. Kurasa za kwanza zilikuwa zimekatika, kwa hiyo nilijua mwisho wa hadisi bila kujua mwanzo wala jina lake. Jina nilikuja kulijua kisha miaka mingi, nikiwa univerisite: L'Île à hélice, ni kusema kisiwa chenye kusukumwa na mashini.

Basi nikaamua tusome Jules Verne pamoja. Sikujua kama ile vitabu ya watoto itanifikisha fasi yenye ilinifikisha.

Nani alikuwa anasoma?

Watu wengi wanasemaka Jules Verne ni mutu wa mashini: chombo cha kutembea chini ya bahari, puto kubwa la kuruka, risasi ya kwenda ku mwezi. Ni kweli. Lakini ukisoma vizuri, nyuma ya kila mashini kuko swali la feza. Nautilus ni ya Nemo, na Nemo ni mwana wa mufalme wa India mwenye mali nyingi. Ile risasi ya mwezi inalipwa na michango ya inchi nyingi, na mwandishi anahesabu kila inchi ilitoa ngapi. Verne alijua kama mashini haianguki toka mbinguni. Kuko mwenye alilipa.

Vingi vya vitabu vyake vilitoka kwanza kipande kwa kipande mu gazeti la watoto na familia, Magasin d'éducation et de récréation, lenye Pierre-Jules Hetzel na Jean Macé walianzisha kule Paris mwaka wa 1864. Hetzel alikuwa mutu wa Republika. Louis-Napoléon aliponyanganya utawala mwaka wa 1851, yeye alikimbilia Ubelgiji. Macé naye alianzisha Ligue de l'enseignement mwaka wa 1866, ili elimu ifikie watu wote. Hawa hawakuwa watu wa kuzarau maskini. Hata hivyo, biashara ni biashara. Kila mwisho wa mwaka Hetzel aliuzisha vitabu vya Verne vyenye jalada nyekundu na rangi ya zahabu, vyenye picha nyingi. Zilikuwa zawadi za mwaka mupya, kwa watoto wa familia zenye uwezo.

Na watoto wengine wa Ufaransa, je? Sheria ya mwaka wa 1841 ilikataza kutumikisha mu viwanda vikubwa mutoto mwenye hajafikisha miaka 8. Ndiyo, nane. Sheria ya mwaka wa 1874 ikaweka miaka 12, lakini ikaacha mulango wazi kwa kazi fulani tangu miaka 10. Ile ya 1892 ikaweka miaka 13. Masomo ya bure ilikuja mwaka wa 1881, na ya lazima mwaka wa 1882. Ni kusema, wakati Nautilus ilitokea mu gazeti, kati ya mwaka wa 1869 na 1870, kulikuwa watoto wengi wa umri ule ule wa wasomaji, ndani ya inchi ile ile, wenye siku yao yote ilipita mu kiwanda. Mutoto mumoja alikuwa anasoma juu ya mashini, mutoto mwingine alikuwa anaifagia chini.

Ninaandika hivi kwa sababu historia ya kitabu haiko tu historia ya mwandishi. Ni lazima kuuliza pia: kitabu hiki kilifika mu mikono ya nani, na nani hakukiona?

Mutoto Carl

Tulianza na Les Cinq Cents Millions de la Bégum, cha mwaka wa 1879. Kitabu hiki kiko na siri. Maandishi ya kwanza hayakuwa ya Verne. Yalikuwa ya Paschal Grousset, mutu mwenye alikuwa kati ya wakubwa wa Commune ya Paris mwaka wa 1871. Commune iliposhindwa, walimupeleka kifungoni mbali sana, kule Nouvelle-Calédonie, na mwaka wa 1874 akatoroka. Alikuwa ugenini, bila feza. Hetzel alinunua maandishi yake, akamupa Verne ayaandike upya, na jina la Verne peke yake ndilo lilibaki juu ya kitabu.

Hadisi ni hii. Urizi mukubwa sana, zaidi ya milioni 500 za franka, unaangukia watu wawili: daktari Sarrasin, Mufaransa, na profesa Schultze, Mujerumani. Feza zenyewe zinatoka India, kwa mali ya mujane wa mufalme mwenye aliolewa na askari Mufaransa. Kila mumoja anajenga muji wake Amerika, mu Oregon. Mufaransa anajenga France-Ville, muji wa afya na usafi. Mujerumani anajenga Stahlstadt, muji wa chuma na mizinga. Musisahau kwamba Ufaransa ilishindwa na Wajerumani mu vita ya 1870 na 1871, kwa hiyo munaelewa juu ya nini mubaya ni Mujerumani.

Ndani ya Stahlstadt kila mutumishi anajua kipande chake tu cha kazi, na kuta zinatenga kila upande. Mufaransa kijana, Marcel, anaingia kule kwa siri sawa mutumishi. Anapanga kwa mama mujane, mwenye bwana yake alikufa mu mugodi. Mama huyu ana mutoto, Carl. Kazi ya Carl ni kufungua na kufunga mulango wa hewa chini ya udongo, siku nzima, peke yake mu giza. Rafiki yake ni farasi wa mugodi. Siku moja Carl harudi nyumbani. Marcel anashuka kumutafuta, anamukuta amekufa karibu na farasi wake. Hewa mbaya iliwaua wote wawili.

Nilipofika pale, binti akanisimamisha.

"Mwalimu, Carl alikuwa analipwa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikasikia sauti nyuma yetu. Mutoto wa zamu, kijana wa miaka kumi hivi, alikuwa amemuletea baba yake chakula, na badala ya kurudi alikaa ku ngazi ya baraza, anasikiliza. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Alisema pole pole:

"Ku Kolwezi beko bengi."

Anajua, juu mama yake ni wa kule. Hakuna mutu alisema kitu. Nikafunga kitabu kwa siku ile.

Lakini kile kilininyima usingizi hakikuwa Carl peke yake. Ilikuwa muji ule mwingine, ule muzuri. France-Ville ina masomo, ina hewa safi, kila nyumba ina bustani. Nani aliujenga? Kitabu kinajibu waziwazi: watumishi Wachina. Mushahara wao uliwekwa pembeni, na walikuwa wanalipwa tu wakati wa kuondoka. Juu ya nini? Ili wasibaki kuishi mu muji wenye walijenga. Kitabu kinasimulia hiyo sawa jambo la akili, bila haya. Na haikuwa ndoto ya mwandishi tu: mwaka wa 1882, miaka mitatu kisha kitabu kutoka, Marekani iliweka sheria ya kukataza watumishi Wachina kuingia inchini.

Watu wa Lubumbashi, mimi sina haja ya kuwaeleza sana. Élisabethville ilipoanzishwa mwaka wa 1910 na kukua, muji wa Wazungu ulikuwa upande mumoja, cité ya Waafrika upande mwingine, na katikati waliacha nafasi tupu ya kutenga. Waafrika walijenga nyumba, walilala kwingine. Wazee wetu waliishi ndani ya ile kurasa ya Verne bila kuisoma.

Kwa hiyo kitabu hiki kinaona na hakioni. Kinamuona Carl, kinamulilia, na nina hakika watoto wengi wa Paris walilia naye. Lakini Carl anakufa mu muji wa adui. Mu muji wa wema, watumishi wanapita sawa kivuli.

Kisiwa

Miaka 16 kisha, mwaka wa 1895, Magasin ilitoa L'Île à hélice. Hetzel baba alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1886, mutoto wake ndiye alishika kazi. Nilikisoma na watoto toka mwanzo, na ndiyo mara ya kwanza mimi pia nilisoma zile kurasa zenye zilikatika.

Hadisi inawekwa mu siku zenye zitakuja, ndani ya karne ya 20. Kampani ya Amerika imejenga kisiwa cha chuma, kilometa 7 kwa 5, chenye kutembea mu Pasifiki. Kila upande kuko bandari na mashini kubwa za kukisukuma. Mu muji wake, Milliard City, wanaishi matajiri watupu. Kuran haikosekane. Barabara za miguu zinajitembeza zenyewe. Mvua inatengenezwa. Kuko hata magazeti ya kukula, yenye kuandikwa kwa wino ya chokola. Watoto walicheka sana. Kijana wa zamu akauliza kama unasoma kwanza ao unakula kwanza.

Ndiyo, alikuwa amerudi. Kila siku saa ile, alikuwa ku ngazi.

Sasa, wanaotupeleka ndani ya kisiwa hiki ni nani? Siyo matajiri. Ni Wafaransa wane, wanamuziki, wenye kupiga violon, alto na cello. Wako njiani Kalifornia, usiku, usafiri umeharibika. Mutu mumoja mwenye maneno mengi, Calistus Munbar, anawakaribisha, anawalisha, anawalalisha mu hoteli nzuri. Wanapoamka na kuelewa, bara imebaki mbali nyuma. Wamechukuliwa. Wanakasirika, wanapiga kelele. Kisha Munbar anawatajia mushahara.

Ni mushahara wenye hawakuwaza hata siku moja. Watatu wanaanza kutulia. Mukubwa wao, muzee Sébastien Zorn mwenye kupiga cello, peke yake anaendelea kununa. Kitabu chote anarudilia kusema kama mambo haya yataisha mubaya, na wenzake wanamucheka.

Ile fasi, mimi kitabu kilinianguka mu mikono. Ndugu wenzangu, wale wane ni sisi. Hawako matajiri, na hawako tena maskini. Walisoma kazi yao vizuri. Matajiri wanawahitaji, juu muziki ya mashini imewachosha, wanataka mutu wa kweli mbele yao. Wanakula vizuri, wanasifiwa, wanatembea kila pahali. Kitu kimoja tu hawana: hakuna mutu mwenye anawauliza kisiwa kiende wapi. Hata mufalme mumoja mwenye aliangushwa ku kiti, mufalme wa Malécarlie, anatumika pale sawa mutu wa kuangalia nyota. Feza za kisiwa zimemugeuza hata mufalme kuwa mutu wa mushahara.

Namna kisiwa kinakufa ndiyo inafaa watoto wajue. Zoruba inakuja mwishoni kumaliza tu. Maadui wanashambulia, hawakiangushe. Mashini ni nzuri. Kinakufa kwa sababu matajiri wawili hawapatane. Jem Tankerdon, mukubwa wa upande wa kushoto, anataka kisiwa kifanye biashara. Nat Coverley, mukubwa wa upande wa kulia, anataka kibaki cha raha. Upande mumoja ni Waprotestanti, mwingine Wakatolika. Kila upande unachagua gavana wake, kila gavana anatoa amri yake ku mashini zake. Mashini za kushoto zinasukuma huku, za kulia zinasukuma kule. Kisiwa kinazunguka fasi moja mpaka kinapasuka.

Verne aliandika haya akiwa mutu wa miaka 60 na kitu, mwenye alikuwa mushauri wa muji wa Amiens tangu mwaka wa 1888. Alikuwa ameona siasa ya karibu. Alijua kama muji haufe juu ya kukosa akili ya ufundi.

Lakini hapa pia kuko wenye hawaonekane. Watu wa visiwa vya Pasifiki wanafika mu kitabu sawa watumishi wa kuangaliwa ao sawa hatari. Na wenye kulisha moto ya mashini, je? Wakubwa wa mashini wana majina. Wale wa mbele ya moto, mimi nilitafuta, sikupata jina hata moja. Mwaka wa 1879 mutoto wa mugodi alikuwa na jina, mama, na rafiki. Mwaka wa 1895, ndani ya kitabu chenye kinacheka matajiri kuliko vyote, mwenye kutumika chini amepotea. Kucheka matajiri siyo sawa na kuona maskini. Hiyo ndiyo historia ndogo yenye nilitaka kuwaletea.

Mushahara wangu

Ningeweza kumalizia pale. Lakini singekuwa nimesema kweli.

Tulipokuwa katikati ya kitabu, Madame alitoka ku baraza, akaona watoto watatu badala ya wawili. Hakupandisha sauti. Aliniita pembeni.

"Mwalimu, minakulipa juu ya batoto yangu, hapana juu ya batoto ya bantu."

Nilijibu: "Ndiyo, Madame."

Nilisomea historia miaka mitano. Nimeandika kurasa nyingi juu ya Élisabethville na ile nafasi tupu ya katikati. Na siku ile nilijibu maneno mawili. Nilirudi, na kijana alikuwa tayari amesimama, amekamata sahani tupu ya baba yake. Alielewa mbele nifungue kinywa. Baba yake, pale ku mulango, aliangalia chini. Binti aliniangalia mimi. Niliendelea kusoma.

Sikuacha kazi. Nina wadogo watatu mu masomo, na minerval yao inatoka mu ile mushahara. Ninawaambia hivi ili mutu asiseme kama ninahubiri toka inchi kavu. Niko ku kisiwa. Wengi wenu mutapanda pia, mu kampani, mu ma-ONG, mu ma-buro, na mutafurahi, na muko na haki ya kufurahi kisha miaka yote ya njaa. Mimi ninaomba tu tusisahau kuuliza maswali matatu kila pahali tunaingia. Nani alilipa? Nani alijenga na hakuruhusiwa kubaki? Nani eko chini mbele ya moto?

Kisha wiki tatu za haya, nilifanya fotokopi ya kurasa zilizobaki. Sasa kila jioni, kazi ikiisha, ninasimama dakika kumi na tano inje ya mulango, fasi Madame haoni, ninasoma na kijana wa zamu. Ni kidogo. Ninajua kama ni kidogo. Ni inje, wakati wengine wawili wako ndani na taa.

Juzi tulifika ku mwisho. Kisiwa kimepasuka, wanamuziki wane wamepona. Kijana alinyamaza, kisha akauliza:

"Mwalimu, na bale benye kulisha moto, balipona?"

Nilimwambia nitaangalia tena mu kitabu. Niliangalia. Yeye anaendelea kuniuliza kila siku, na mimi bado ninatafuta namna ya kumujibu.